Kambare 2,600 katika vizimba sita: kisa cha bwawa la Usagara

"Mama, kambare ni samaki wa kubanana. Hata kwenye ndoo anaishi."

Kwa maneno hayo ya muuza vifaranga, mwalimu mmoja mstaafu wa Usagara, wilayani Misungwi, aliagiza vifaranga 1,200 akaishia kupokea 2,600. Maneno yenyewe ni ya kweli. Nimeshaona kambare akikaa kwenye deli la mnadani, maji vidole vinne, tangu asubuhi hadi jua linakuchwa, na bado akamchapa mnunuzi kwa mkia. Lakini samaki wa kwenye ndoo hanenepi, na Mwalimu alichimba bwawa kwa kiinua mgongo chake ili anenepeshe.

Nililifuatilia bwawa lile msimu ulioanza Machi, mimi mwenyewe tangu Mei hadi Oktoba. Kule wananiita Bwana Samaki, jina ambalo karibu kila afisa ugani wa uvuvi Kanda ya Ziwa amelirithi. Kisa hiki kinaelezeka kwa tarakimu kwa sababu moja tu: Mwalimu aliandika kila kitu. Miaka yote ile ya kuita mahudhurio imemwachia daftari kubwa la mistari, tarehe pembeni, kalamu nyekundu kwa waliokufa. Wafugaji wengi nikiwauliza hunijibu "walikufa kidogo". Yeye hunijibu "tisini na sita".

Bwawa ni la mita 20 kwa 30, limechimbwa kwenye udongo wa mbuga, ule mweusi unaopasuka kiangazi. Likijaa lina kina cha wastani wa mita 1.2, upande wa chini mita 1.7. Ndani yake vinaelea vizimba sita vya mirunda na madumu ya lita 20, kila kimoja mita 2 kwa 2, wavu ukiwa umezama mita 1. Yaani mita za ujazo 4 kwa kila kizimba.

Mtu atauliza, kwani kambare afungiwe kizimbani akiwa tayari yuko bwawani? Kwa Mwalimu sababu zilikuwa kenge, mnandi (ndege mla samaki) na majirani, kwa mpangilio huo. Mimi ninaongeza ya nne: kambare aliyeachwa huru bwawani humwoni mpaka siku ya kukausha maji. Wa kizimbani unamvua kwa nyavu ya mkono, unampima, unamrudisha. Bila vizimba kisa hiki kisingeandikika.

Walivyopangwa

Vizimba namba 1, 2 na 3 vilikuwa na nyavu mpya za matundu madogo. Mwalimu aliviamini, akaweka vifaranga 600 kila kimoja, sawa na 150 kwa mita ya ujazo. Namba 4 kilikuwa na wavu mpya pia ila ulishonwa upya pembeni, akaweka 400. Namba 5 na 6 vilitengenezwa kwa wavu wa zamani uliotoka kwa wavuvi, matundu yake mapana kidogo. Hapo aliogopa watatoroka. Alichagua vifaranga wakubwa kuliko wote, wale ambao vichwa vyao havipiti, akaweka 200 kila kimoja, 50 kwa mita ya ujazo.

Mpangilio huo ulitokana na hofu na nyavu zilizokuwepo. Ndiyo maana miezi miwili baadaye nusura utudanganye wote.

Mwezi Mei tuliwahesabu. Ilichukua siku nzima, watu wanne, beseni sita na mzani wa jikoni. Vizimba vitatu vya mwanzo vilikuwa na 441, 418 na 457. Namba 4 kilikuwa na 322. Namba 5 na 6 vilikuwa na 171 na 164. Jumla 1,973. Walikuwa wamekosekana 627, na daftari lilionyesha maiti 96 tu zilizookotwa. Wengine 531 walikuwa wamepotea bila kuacha hata mfupa.

Kwa asilimia, vizimba vyenye msongamano mkubwa vilipoteza karibu 27 kati ya kila 100, namba 4 karibu 20, na vile vya samaki wachache 16. Uzito nao ulisema hivyo hivyo: samaki wa namba 5 walikuwa wakubwa, wanapendeza, wanafanana, wa namba 1 walikuwa mchanganyiko wa kila kimo, mmoja wa gramu 18 pembeni ya mwingine wa gramu 210. Mume wa Mwalimu, ambaye mpaka hapo alikuwa amekaa kimya kwenye kiti cha uvivu chini ya mwembe, akatoa hukumu: "Mmeona? Wachache ndio wanaokua." Kila mtu akaitikia.

Mimi sikuitikia. Namba 5 ilianza na vifaranga wakubwa, kwa hiyo ukubwa wao wa Mei ulikuwa sehemu wameuleta kutoka Machi. Halafu nikamuuliza kijana wa kulisha anatoa chakula vipi. "Kopo mbili kila kizimba, asubuhi na jioni." Sawasawa kwa vyote? "Mwalimu alisema tusipendelee." Nikacheka, Mwalimu naye akacheka baada ya muda kidogo. Alikuwa amegawa chakula kama chaki, kila darasa boksi moja. Kizimba cha samaki 600 kilipata kopo mbili, na cha 200 kilipata kopo mbili. Tulichokiona Mei kilikuwa njaa iliyovaa nguo za msongamano. Na nyavu zenyewe: zile za matundu madogo zilikuwa zimeota utelezi wa kijani hadi ukiinua kona maji yanachuruzika polepole kama kwenye chujio la chai. Zile kuukuu za matundu mapana zilikuwa safi, maji yanaingia na kutoka.

Kwa hiyo vizimba vilitofautiana kwa mambo manne, na msongamano ulikuwa mmoja tu kati ya hayo. Ninalisema hili kwa kirefu kwa sababu wafugaji wengi niliowasikia wakisema "niliweka wachache wakakua" walikuwa pia wamebadilisha kitu kingine bila kukiandika.

Wale 531

Waliliwa. Labda wachache walitoroka, lakini wavu wa namba 1 hadi 3 ulikuwa mzima na matundu yake hayapitishi kidole. Kambare mdogo hula wenzake kwa njia mbili. Wakiwa wanalingana, anamng'ata mwenzake mkia na kumnyofoa. Aliyeng'atwa hufa siku mbili tatu baadaye, na maiti unaiona. Wakiachana kimo, mkubwa humkamata mdogo kichwa kwanza akammeza mzima, na hapo daftari halina cha kuandika. Kambare anaweza kummeza mwenzake mwenye urefu unaokaribia nusu ya urefu wake. Akishammeza mmoja, anakua haraka kuliko wanaokula chakula cha mfuko, mdomo unapanuka, na wiki inayofuata kuna wengi zaidi wanaoingia humo. Kijana wa kulisha aliwabatiza wakubwa hao vibosile, na jina likashika.

Ila kuna jambo lililonishangaza, na sijaona wafugaji wakilisema. Tulipokagua mikia ya samaki 30 kutoka kila kizimba, namba 5, chenye samaki wachache, kilikuwa na majeruhi 11. Namba 1, chenye msongamano mara tatu, kilikuwa na 6. Yaani walipokuwa wachache ndipo waligombana zaidi. Wanaowachunguza kambare wadogo wameliona hili pia: nafasi ikiwepo, kambare hujitengea kona yake akailinda kwa meno, wakibanana sana, kona haipo, na ugomvi hupungua. Kwa hiyo aliyemwambia Mwalimu kwamba kambare hupenda kubanana hakuwa mwongo kabisa. Alisahau kusema kwamba kwenye kubanana, ingawa wanagombana kidogo, chakula hakiwafikii wote sawa, vimo vinaachana, na vidogo vinavyobaki nyuma vinaishia tumboni mwa vibosile. Kwa wachache, wenye kimo kimoja, meno yalikuwa mengi lakini hakuna aliyeweza kummeza mwenzake.

Dawa ya hilo ni kuwachambua kwa ukubwa, kila wiki tatu au nne wakiwa wadogo. Mwalimu hakuchambua hata mara moja tangu Machi. Muuza vifaranga hakumwambia, nami nilikuwa bado sijafika.

Namba 3 na namba 4

Siku ile ile ya Mei tuliwachambua. Wakubwa 500 wakaenda namba 5 na 6. Wadogo 833 wakagawanywa namba 1 na 2. Wa katikati walikuwa 640, wote wa gramu 80 hivi, na hapo nikamwomba Mwalimu ruhusa ya kufanya jambo moja lililonikaa rohoni. Tukaweka 220 kwenye namba 3 na 420 kwenye namba 4, vizimba viwili vinavyoelea ubavu kwa ubavu, nyavu za aina moja, zimesuguliwa siku moja. Chakula kwa uzito wa samaki, si kwa kopo. Sasa kilichobaki tofauti kilikuwa idadi peke yake: 55 kwa mita ya ujazo huku, 105 kule.

Wiki kumi baadaye, mwanzoni mwa Agosti, tukapima. Namba 3 walikuwa hai 209, wastani gramu 265. Namba 4 walikuwa hai 386, wastani gramu 232. Wachache walikua zaidi, kweli, lakini pengo si lile la kutisha la Mei. Na ukihesabu kwa kilo, namba 4 kilikuwa na karibu kilo 90 za samaki dhidi ya 55 za namba 3.

Hapo ndipo mfugaji wa kawaida anaposimama na kusema basi, tubananishe. Kilo 90 si zaidi ya 55? Mwalimu naye alielekea huko. Nikamwomba afungue ukurasa wa chakula. Namba 3 walikula kilo 60 na kuongezeka uzito kilo 38 hivi. Namba 4 walikula kilo 106 na kuongezeka kilo 56. Kwa wachache, kilo moja ya samaki ilidai kilo 1.6 za chakula. Kwa waliobanana ilidai 1.9. Ukiangalia tofauti peke yake, ile nyongeza ya samaki 200 ilileta kilo 18 za uzito na kula kilo 46 za chakula. Chakula cha kuelea alikuwa akinunua shilingi 2,800 kwa kilo, samaki anauza 7,000. Kilo 46 za chakula ni 128,800. Kilo 18 na kitu za samaki ni kama 127,000. Kabla hata hujahesabu bei ya vifaranga 200 wenyewe, na jasho la kijana.

Mwalimu aliirudia hesabu hiyo mwenyewe kwa kalamu, pole pole, akinong'ona. Kisha akachora mstari chini yake mara mbili.

Sisemi 55 ni namba takatifu. Mfugaji mwenye chakula cha bei nafuu, anayechanganya dagaa wa kusaga, uduvi, mashudu ya pamba na pumba za mpunga, hesabu yake itamfikisha mahali pengine, na pengine 105 itamlipa. Ninachosema ni kwamba faida haikuongezeka pamoja na kilo, na kizimba kilichojaa kilipendeza macho kuliko mfuko.

Usiku wa upepo

Wiki iliyofuata simu iliingia saa kumi na moja na nusu alfajiri. "Bwana Samaki, njoo. Wanaelea." Hakunisalimia, na Mwalimu si mtu wa kusahau salamu.

Nilifika jua likichomoza. Upepo ulikuwa umevuma usiku kucha, ule mkavu wa Agosti. Maji yalikuwa yameshuka tangu Juni, na upande wa juu, walikoelea namba 1 na 2, kina kilibaki sentimita 90. Wavu ni wa mita moja. Kitako cha wavu kilikuwa kimejikunja juu ya tope. Nikaingia, tope likanifika magotini, nikainua kona: chini ya wavu kulikuwa kweusi kama masizi na kunanuka mayai viza. Mavi na chakula cha miezi mitano kilikuwa kimelala pale, na samaki walikuwa wamelazwa juu yake. Juu nako, kamba ya mfuniko ilikuwa imelegea, wavu wa mfuniko umezama kwenye kona moja ukubwa wa meza, na chini ya kona ile ndipo maiti nyingi zilikuwa zimebana, pua zimeelekea juu, zimenasa. Namba 2 walikufa 63, namba 1 walikufa 48. Namba 5 na 6, kwenye kina, hawakufa hata mmoja.

Kambare ana kiungo juu ya mashavu, kimetawanyika kama kijimti, kinachomwezesha kuvuta hewa ya juu. Ndicho kinachomweka hai kwenye ndoo. Lakini lazima afike juu. Oksijeni ya bwawa huwa chini kabisa alfajiri, kwa kuwa mwani umevuta usiku kucha bila jua la kuizalisha. Siku hiyo upepo ulikuwa umelivuruga tope na kuleta juu maji ya chini yasiyo na oksijeni. Kambare wote walitaka juu kwa wakati mmoja, na kona ya mfuniko ikawazuia. Aliyezuiwa alizama na kufa majini, samaki yule yule anayeishi kwenye deli.

Mwalimu aliamini kosa ni la muuza vifaranga: "alituuzia wagonjwa". Mimi niliona mengine. Sababu za karibu zilikuwa mbili, kina na mfuniko, na zote mbili zingeweza kurekebishwa jana yake kwa nusu saa. Sababu ya mbali ilikuwa kwenye daftari, ukurasa wa chakula tena.

Mwanzoni mwa Agosti, bwawa lilikuwa na samaki wanaokaribia kilo 455, na lilikuwa likipokea kilo 9 za chakula kila siku. Kwa bwawa lisilo na mashine ya kupuliza hewa, kanuni ya wafugaji ni takribani kilo 30 hadi 50 za chakula kwa hekta kwa siku. Bwawa la Mwalimu lina mita za mraba 600. Fungu lake kwa kanuni hiyo ni kilo 1.8 hadi 3. Tulikuwa tumelipita mara tatu. Kanuni hiyo imepimwa zaidi kwa samaki wanaotegemea oksijeni ya majini, kwa hiyo kwa kambare unaweza kuivuka kiasi. Lakini kambare ndiye anayevuta hewa. Tope halivuti.

Kisha kuna amonia, taka ambayo samaki huitoa majini. Kila kilo ya chakula chenye protini ya asilimia 35 hurudisha majini kama gramu 30 za naitrojeni katika umbo la amonia, nyingi zikitokea mashavuni na si kwenye mavi. Kilo 9 ni gramu 270. Maji ya Agosti yalikuwa yamebaki kama mita za ujazo 500, kwa hiyo kila mita ilikuwa ikiongezewa nusu gramu kila siku, ukiondoa kinacholiwa na mwani. Asubuhi, pH (kipimo cha uchachu wa maji) ikiwa 7, chini ya asilimia 1 ya amonia hiyo iko katika umbo la sumu. Lakini maji ya Mwalimu yalikuwa ya kijani kibichi, na jioni karatasi ya kupimia ilisoma 9. Kwa pH hiyo, maji yakiwa nyuzi 28, sehemu ya sumu hufika asilimia 40. Kambare huvumilia kuliko sato. Haanzi kwa kufa, huanza kwa kukosa hamu. Daftari lilikuwa limeandika tangu Julai mwishoni: "jioni wanabakiza". Kijana alidhani wameshiba. Chakula kilichobaki kikazama, kikawa tope.

Kwa hiyo nilipoulizwa, kama ninavyoulizwa kila mahali, "kambare wangapi kwa mita ya ujazo?", nilijifunza kulijibu swali hilo kwa kuuliza la pili: hiyo mita ya ujazo inaelea ndani ya nini? Vizimba vya sato vya Ziwa Victoria vinaelea kwenye maji yenye mawimbi na mkondo, uchafu unachukuliwa. Hata huko si salama daima. Mwishoni mwa 2022, vizimba vya upande wa Kisumu, Kenya, vilipoteza samaki wengi sana maji ya chini yasiyo na oksijeni yalipopanda juu. Ndani ya bwawa lililosimama, wavu ni ukuta kwa samaki tu. Kwa amonia hakuna ukuta. Samaki wa namba 5 walikuwa na nafasi yao nzuri ya 62 kwa mita, na bado walikunywa mkojo wa samaki wa namba 1.

Samaki mia nane

Siku ile tulisogeza vizimba vyote upande wa kina, tukakaza mifuniko, tukakata chakula nusu, tukauza wakubwa wa namba 5 na 6 wiki ile ile ingawa Mwalimu alitaka wafike kilo moja. Maji ya chini tukayavuta kwa pampu hadi kwenye mchicha na nyanya, na kuongeza mengine kutoka kisimani. Mchicha ule sijawahi kuuona mfano wake.

Oktoba tukakaa kupanga msimu mwingine. Kwa maji yanayobadilishwa kidogo kila wiki, nilikubali bwawa lipokee kilo 5 za chakula kwa siku, nikijua hata hapo ninavuka kanuni. Kilo 5, kwa samaki anayekula asilimia 2 ya uzito wake, hulisha kilo 250 za samaki. Samaki wa kuuzwa akiwa gramu 300 na kidogo, hao ni samaki 800.

"Yaani shimo lote hili," Mwalimu akasema, "la samaki mia nane?"

Ndiyo. Vizimba sita ni mita za ujazo 24, na mia nane humo ni 33 kwa mita. Wavu ungebeba mara tatu yake. Bwawa halibebi. Hapo kulikuwa na hoja ambayo sikuitarajia: kama bwawa linaamua jumla, vizimba sita ni vya nini? Mia nane waweza kukaa vizimba viwili, 100 kwa mita, au sita, 33 kwa mita, na tope litapokea mzigo ule ule. Nilichagua vitatu, 67 kwa mita. Sita ningewapa nafasi ya kugombea kona, kama namba 5 walivyofanya Mei. Viwili vingewarudisha kwenye hesabu ya namba 4. Vitatu vingine vikabaki bure, na hilo likatusaidia kuliko tulivyodhani, kwa kuwa kuchambua kunahitaji mahali pa kumpeleka unayemtoa.

Mwalimu akaviona vitupu akasema havikai hivyo. Katika wale wadogo wa msimu uliopita alikuwa ameuza mia tatu hivi kwa wavuvi wa ndoano wanaotafuta sangara. Kambare mdogo mzima ni chambo kizuri kwa sababu hafi upesi kwenye ndoano. Alikuwa amewauza kwa aibu, kama mabaki. Nilipolinganisha mapato kwa kilo ya chakula, mabaki yale yalimlipa kuliko samaki wa kitoweo. Kwa chambo, udogo si kasoro. Samaki wa urefu wa kiganja anakaa wiki sita au saba tu, anakula kidogo mno kwa bwawa zima, na hapo ndipo msongamano mkubwa una kazi yake, mradi wachambuliwe kila wiki mbili ili vibosile wasipate nafasi. Tukapanga 1,500 kwenye vizimba viwili vya nyavu ndogo. Kimoja kibaki kitupu.

Kizimba namba 6 bado kina wavu ule wa zamani. Nimemwambia aubadilishe, hataki; anasema ndio pekee unaojisafisha wenyewe, na sina hoja ya kumjibu.

Vifaranga waliletwa siku ya Jumamosi, na muuzaji yule yule, kwenye madumu yaliyokatwa juu. Mwalimu alikuwa ameweka meza kando ya bwawa, beseni mbili, kikombe cha chai na daftari. Akawahesabu wote, kikombe kwa kikombe, jua likipanda, muuzaji akitazama saa. Walikuwa 2,443.

"Hao wa ziada ni nyongeza yako, mama," muuzaji akasema. "Zawadi."

Mwalimu akaandika 143 kwa kalamu nyekundu, akawamimina tena kwenye dumu, akamsogezea.